Nasponsa posti Instagram, laiki zinamiminika, wateja hawaji

SWALI: Habari ya kazi, mtaalamu. Nauza madera na vitenge. Duka langu dogo liko Mbagala na mzigo nauchukua Kariakoo. Instagram nina wafuasi 6,200. Mwezi uliopita nilisponsa posti mara tatu kwa kile kitufe cha Boost, kila mara shilingi 30,000 kwa siku tano, eneo nikaweka Tanzania nzima. Posti moja ilifika laiki 1,900, lakini waliokuja kununua ni wawili tu. Niongeze hela, ninunue wafuasi, au nihamie TikTok?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, pole kwa hizo 90,000. Ila tangazo lako halikufeli, lilileta kile kile lilichoagizwa. Ukibonyeza Boost, kabla ya kulipa Instagram inakuuliza lengo lako: watu waje kwenye ukurasa wako, waende kwenye tovuti, au wakutumie ujumbe. Wengi hapo hupita mbio na kuliacha lile lengo la kwanza, la watu kuja kwenye ukurasa. Basi mitambo ya Meta, kampuni yenye Instagram na WhatsApp, inatafuta watu wenye tabia ya kufungua kurasa na kugonga moyo, na watu hao ni wengi na hawana shida kupatikana. Mtu anayeuliza "Lipo la saizi kubwa? Mpaka Tegeta mnaleta kwa ngapi?" ni mwingine kabisa. Mitambo inaweza kumtafuta huyo pia, lakini mpaka uiagize.

Kwa hiyo hela usiongeze kwanza. Pakua WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2018, iunganishe na akaunti yako ya Instagram, na tangazo lijalo chagua lengo la ujumbe ili anayebonyeza aangukie moja kwa moja kwenye mazungumzo na wewe. Eneo nalo libane. Ukiweka Tanzania nzima, 30,000 yako inasambaa kuanzia Bukoba hadi Mtwara, wakati mteja wa dera moja akisikia na gharama ya kutumiwa mzigo kwa basi anaghairi. Anza na Dar es Salaam, wanawake, wa umri ule unaouona dukani kwako. Likishaanza kutembea, usiliguseguse kila asubuhi. Meta wenyewe wanaeleza kwamba tangazo lina kipindi cha kujifunza, na kwa kawaida hutulia likishapata matokeo kama 50 ndani ya wiki. Ukilibadilisha kwa kiasi kikubwa, linaanza kujifunza upya. Kwa bajeti yako ndogo, tangazo moja la siku saba litakufaa kuliko matatu ya siku mbilimbili. Na kama simu yako ni iPhone, lipia kupitia kivinjari badala ya ndani ya programu, maana Februari 2024 Meta ilitangaza kwamba wanaolipia humo wataongezewa ada ya Apple ya asilimia 30.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kila ninapopitia kurasa za wauza nguo: "Bei njoo inboksi." Kama nawe unaandika hivyo, naomba uache leo. Mteja wa mjini ameshatapeliwa, au anamjua aliyetuma hela kisha akablokiwa. Ukimficha bei anahisi unataka kwanza kumpima mfuko. Tena sasa hela ya tangazo itakuwa inaenda kukuletea mazungumzo, kwa hiyo kila anayekuja kuuliza bei, akasikia 25,000 na kunyamaza, amekula hela yako ya tangazo. Ukiiandika bei wazi, watakuja wachache, lakini wanaokuja wameshaikubali. Andika pia duka liko wapi, na gharama ya bodaboda kwa maeneo mawili matatu. Piga video fupi mlangoni kwako, mchana, kwenye mwanga wa jua, kitambaa kikikunjuliwa, na dera likiwa limevaliwa na mtu ambaye urefu wake umeutaja. Picha za kiwandani zilizozagaa kila duka hazimshawishi mtu kwamba mzigo unao kweli. Kwa wateja wa Dar, wakubalie walipie mzigo ukifika, hata kama nauli ya boda wataitanguliza.

Halafu kaa na daftari. Tuchukue mfano: tangazo la 30,000 limekuletea mazungumzo 20, kila moja limekugharimu 1,500. Kati ya hao 20 wamenunua wanne, kila mmoja dera moja la 25,000, kwa hiyo kila mteja umempata kwa 7,500. Kama faida yako kwenye dera ni 7,000, umepoteza 500 kwa kila mteja, ingawa siku hiyo mkononi umeshika laki moja na unajiona umeuza. Hesabu hii ndiyo inayowaua wenye maduka madogo, kwa sababu hawaifanyi.

Utaipindua kwa mteja kurudi, maana dera la pili halilipiwi tangazo. Ndani ya WhatsApp Business mpe kila mteja lebo: amenunua, anasubiri mshahara, anataka kitenge cha sare. Kila mfuko unaotoka utie kikaratasi chenye namba yako na umwombe aihifadhi. Hili si la kupuuza: ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa wengi kwa mpigo, ambayo hubeba watu hadi 256, humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Mzigo mpya ukiingia, watumie hao kabla hujaweka popote. Usiwatumie kila siku, watakublok.

Wafuasi wa kununua usiwaguse. Wengi ni akaunti zisizo na mtu nyuma yake. Hazinunui, hazijibu, na posti ikipita kwao ikapuuzwa, Instagram nayo inaona haina wa kuipenda. Afadhali hao 6,200 wako.

TikTok ingia, lakini usihame. Kule video inasukumwa kwa watu kulingana na wanachopenda kutazama, hata kama hawakufuati, kwa hiyo ile ile uliyopiga mlangoni ipandishe na huko bila kulipia. Namba ya WhatsApp iweke kwenye maelezo ya akaunti.

Jaribu tangazo moja la siku saba kwa namna hii, kisha niandikie namba tatu: umetumia kiasi gani, wamekuandikia wangapi, wamenunua wangapi. Nikiziona, ndipo nitaweza kukuambia kama tatizo lililobaki liko kwenye tangazo, kwenye bei, au kwenye namna unavyowajibu.