Duara la nuru si taji: majina ya vitu katika ikoni

Msomaji wa Malindi anayewafundisha vijana katekisimu anauliza: "Shikamoo mwalimu. Ninaandaa maelezo ya ikoni, yaani picha takatifu, za kanisani. Lile duara la dhahabu kichwani mwa watakatifu niliite taji au nuru? Na vazi la Bikira Maria ni shela, mtandio au joho?"

Marahaba. Neno taji nakushauri uliache, na sababu iko katika kitenzi chake. Taji huvikwa: yuko anayelivika, yuko anayevikwa, na aliyevikwa aweza kuvuliwa. Anachokionyesha mchoraji wa ikoni hakikuwekwa na mkono wa mtu, bali ni mwanga unaomtoka mtakatifu kwa kuwa Mungu amekaa ndani yake. Ndiyo maana duara lile hubaki mviringo kamili hata pale mtakatifu anapogeuza uso upande, jambo ambalo lisingewezekana kama lingekuwa kitu kilichowekwa kichwani. Tena taji lina mahali pake. Ufunuo 2:10 yaahidi "taji ya uzima" kwa walio waaminifu hata kufa, na katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo huko Ravenna, Italia, picha za karne ya 6 zawaonyesha mashahidi wa imani wakiwa na duara la nuru kichwani na taji mikononi. Ukiviita vyote viwili taji, picha ile utaielezaje?

Nuru ndilo neno lenyewe, nalo watu wa Pwani, Waislamu kwa Wakristo, wamekwisha kulizoea kwa maana hiyo hiyo, kwani mcha Mungu husemwa kuwa ana nuru usoni. Katika maelezo andika "duara la nuru", maana nuru ni mwanga na duara ni umbo lililochorwa. Usiandike "amevaa duara la nuru". Andika "duara la nuru limekizunguka kichwa chake". Duara la Yesu hutofautishwa kwa msalaba uliochorwa ndani yake, na katika ikoni nyingi msalaba huo una herufi za Kigiriki zenye maana ya "Aliyeko", zikirejelea jina aliloambiwa Musa katika Kutoka 3:14. Umbo nalo litazame kwanza, kwa sababu katika kanisa la Santa Prassede mjini Roma Papa Paskali wa Kwanza, aliyechorwa angali hai katika karne ya 9, amewekewa mraba badala ya duara.

Kuhusu mavazi, vazi la ndani la Yesu ni kanzu, na hapo Biblia yetu na mitaa yetu zinakubaliana: kanzu ya Yohana 19:23 ni ile isiyoshonwa. Vazi la juu lisiitwe joho. Joho tunalolijua sisi, la bwana harusi, limeshonwa likawa wazi mbele, ilhali Yesu wa ikoni amejitanda shuka pana iliyozungushwa mwilini na kutupiwa begani. Kanzu hiyo mara nyingi ni nyekundu au ya zambarau na shuka ni ya buluu, na ufafanuzi uliozoeleka ni kwamba rangi ya kwanza ni ya Umungu wake, na ya pili ni ya ubinadamu aliouvaa. Kwa Maria mpangilio hugeuka, buluu ikawa ndani, na juu yake rangi ya kifalme, kwani yeye ni binadamu aliyefunikwa na neema. Vitenzi hivyo viwili, kuvaa na kufunikwa, vitunze unapoandika, maana ndivyo vinavyobeba mafundisho.

Vazi la juu la Maria ni mtandio. Shela siku hizi humpeleka msomaji kwa bibi harusi aliyefichwa uso, na uso wa Maria katika ikoni u wazi. Rangi yake hasa ni damu ya mzee; wengi huandika "buluu" kwa mazoea ya sanamu zilizotoka Ulaya Magharibi, kabla hata hawajaitazama ikoni iliyo mbele yao. Juu ya mtandio huo huchorwa nyota tatu, moja penye paji la uso na mbili mabegani, za ubikira wake kabla ya kuzaa, wakati wa kuzaa na baada ya kuzaa. Ukizihesabu ukapata mbili tu, usiandike kwamba ni mbili: mara nyingi Mtoto aliyepakatwa ndiye anayeifunika ya tatu.