`getopt` moja kwa mifumo yote

Msomaji ameuliza: programu yake ya C inasoma opsheni vizuri kwenye kompyuta yake, lakini kwenye Linux ya ARM inazunguka bila kukoma. Kosa liko kwenye tamko moja tu, la kigezo kinachopokea jibu la `getopt`: `char c;`.

`getopt`, kitendaji cha C kinachosoma opsheni za mstari wa amri kama `-v` moja baada ya nyingine, hurudisha `int`, na opsheni zikiisha hurudisha -1. Kwenye x86 `char` hubeba hasi, kwa hiyo -1 hubaki -1. Kwenye Linux ya ARM haibebi: -1 inageuka 255, na sharti la kitanzi, `!= -1`, linabaki kweli milele. Andika `int c;`. Ukitaka kuliona kosa hilo bila kuwa na ARM, kompaili kwa gcc ukiweka `-funsigned-char`.

Hilo ni jepesi. Linaloumiza watumiaji ni mpangilio. Chukua amri `chuja data.txt -v`. Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, `getopt` huzipangua hoja na kuiona `-v`. Kwenye macOS, FreeBSD na musl (maktaba nyingine ya C ya Linux) husimama ilipokuta `data.txt`, kama kiwango cha POSIX kinavyotaka. `-v` inabaki kuwa jina la faili, na mtumiaji anaambiwa faili `-v` halipo. Jaribu kwako kwenye glibc kabla hajakutana nalo yeye: `POSIXLY_CORRECT=1 ./chuja data.txt -v`.

Ukitaka kusoma hoja upya, glibc inataka `optind` (namba ya hoja inayofuata) iwe 0, yaani `optind = 0`, BSD zinataka `optreset = 1` pamoja na `optind = 1`. MSVC, kompaila ya Microsoft, haina hata `unistd.h`, faili linalotangaza `getopt`.

Kwa hiyo acha kurundika `#ifdef` za kila mfumo. Chukua `getopt` yenye leseni ya MIT au BSD, iweke ndani ya mradi, uikompaili kwenye kila mfumo, Linux ikiwemo. Badilisha majina yake yote, `chuja_getopt`, `chuja_optind`, yasigongane na ya maktaba ya mfumo. Anza orodha ya opsheni kwa nukta pacha, `":vo:"`: ujumbe wa makosa utauandika mwenyewe, `':'` ikimaanisha thamani imekosekana na `'?'` opsheni isiyojulikana, herufi yenyewe ikiwa ndani ya `chuja_optopt`.

Windows ina lake jingine: `cmd` haigeuzi `*.txt` kuwa orodha ya faili, inakuletea nyota kama ilivyo. Kwa MSVC, unganisha na `setargv.obj` ili nyota igeuzwe kuwa majina ya faili.