Kifurushi Kimefika Kimevunjika: Liokoe Boksi Kwanza

Ukiuza mtandaoni vitu vya kale na vya kukusanya, mnunuzi akikuandikia kwamba kitu kimefika kimeharibika, mara nyingi huambatanisha picha moja tu, tena ya gizani: kikombe cha kaure kimekatika mkono, au jalada la santuri limechanika ukingoni. Muuzaji naye hushika moja ya njia mbili. Ama anarudisha pesa zote papo hapo ili yaishe, ama anaanza kuapa kwamba alifunga vizuri. Huku wakibishana, boksi linakwenda jalalani, na boksi ndilo shahidi. Bila boksi, msafirishaji hana sababu ya kukulipa, na wewe mwenyewe huwezi kujua kosa lilikuwa la nani.

Kwa hiyo jibu la kwanza liende ndani ya saa chache, liwe fupi, na liwe na mambo matatu: pole, ahadi, na ombi. Kitu kama hiki:

"Pole sana, najua ulikuwa unakisubiri. Hutaachwa na hasara, tutalimaliza pamoja. Naomba usitupe chochote: boksi, karatasi za ndani, hata vipande vidogo kabisa. Usigundishe wala usisafishe. Nitumie picha nitakazokutajia kabla hujakihamisha."

Ahadi hiyo ni muhimu. Mnunuzi mwenye hofu ya kupoteza pesa hufungua kesi usiku uleule. Aliyehakikishiwa hungoja na kukusaidia kukusanya ushahidi. Ila usitaje kiasi bado.

Picha za kuomba ni hizi: pande zote sita za boksi, kibandiko cha anwani, namba ya ufuatiliaji ikisomeka, kona au upande uliobonyea, kwa karibu, kitu kikiwa bado ndani ya vijazio vyake kama inawezekana, kitu kizima nje ya boksi, na kasoro yenyewe kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Vipande vilivyokatika vipangwe vyote kwenye karatasi nyeupe vipigwe picha moja. Mwambie asimame karibu na dirisha mchana na azime taa ya kamera, maana mwanga wake unafuta mikwaruzo.

Kulisoma boksi

Hapa ndipo penye kazi, na wauzaji wengi hupapita haraka. Picha zikifika, usitazame kitu. Tazama boksi.

Kona ya boksi iliyobonyea, na kitu kimevunjika upande huohuo, ni dalili ya kuanguka. Hayo ni madai mazuri kwa msafirishaji. Boksi zima lisilo na alama huku kaure ndani ni vipande maana yake ni kwamba kitu kilikuwa kinacheza ndani, au kilikuwa kinagusana na kingine. Msafirishaji ataliita hilo kosa la ufungaji, na mara nyingi atakuwa na haki. Boksi lililobonyea juu kwa usawa limewekewa mzigo mzito. Hapo suala ni kama boksi lilikuwa jipya na limejaa, kwa sababu boksi lenye nafasi tupu juu halina kitu cha kulisaidia kuhimili uzito.

Kisha tazama mpasuko wenyewe. Kaure iliyovunjika njiani ina ukingo mkali na mweupe, na ndani ya plastiki utakuta vipande na unga wake. Mpasuko wa zamani umeingia uchafu, umekuwa kijivu au rangi ya chai, na vipande vyake havipo popote kwenye kifurushi. Gundi ya zamani nayo mara nyingi hung'aa chini ya taa ya miale ya urujuanimno (UV), basi kama una taa hiyo, pitisha kila kaure kabla ya kuiuza, uepuke kesi ya mkono ambao fundi wa zamani aliurudishia.

Santuri ina ugonjwa wake. Ikisafirishwa ndani ya jalada lake, kifurushi kikianguka kwa ukingo, santuri hukimbia chini kama kisu na kuchana mshono wa jalada kwa ndani. Ukiona mchano ulionyooka katikati ya ukingo wa juu au wa chini, na kona za jalada ni nzima, kosa ni la aliyefunga. Santuri iliyopinda kama sahani huku boksi likiwa zima imepata joto, na madai ya joto ni magumu sana kushinda.

Kadi ya kukusanya, kama zile za wachezaji, iliyopondeka kona ndani ya kipochi kigumu cha plastiki ilikuwa inateleza na kugonga mdomo wa kipochi. Kuhusu sarafu, utandu wa kijani unaonata hausababishwi na safari. Huo hutoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, na huchukua muda mrefu kujitokeza. Ukiuona, jua sarafu iliuzwa nao, ukubali kosa.

Kasha la plastiki la kampuni inayokagua hali ya kadi au sarafu na kuipa daraja likipasuka, mzuie mnunuzi asilifungue. Kadi au sarafu ndani inaweza kuwa salama kabisa, lakini ikishatoka kwenye kasha, daraja lake halina tena dhamana. PSA ya kadi, na PCGS na NGC za sarafu, zote hubadilisha kasha, ilimradi kitu kiwe bado ndani. Hapo hasara ni gharama ya kasha jipya na usafiri wa kwenda na kurudi, si bei ya kitu.

Karatasi iliyolowa haingoji barua pepe. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48. Stempu au kadi zilizoshikana zisibanduliwe kwa nguvu. Ziwekwe kati ya karatasi safi za kufyonza maji, mbali na jua na feni kali. Kama ni nyingi, zitiwe kwenye mfuko wa plastiki na kugandishwa kwenye friza mpaka mtu anayejua kazi hiyo azishughulikie. Hilo mwambie mnunuzi kwa simu siku hiyohiyo.

Na kabla ya yote, linganisha picha zake na zako. Meno ya stempu, mahali muhuri ulipoangukia, kingo nyeupe za kadi zisizolingana, alama za kuchakaa kwenye kibandiko cha santuri: hivi havifanani kati ya kitu na kitu. Visipolingana na picha za tangazo lako, aliyokuonyesha ni nakala nyingine, na kesi inabadilika.

Madai kwa msafirishaji

Mkataba wa usafirishaji ni wako na msafirishaji, hivyo kwa kawaida madai unafungua wewe. Utahitaji stakabadhi ya kutuma, uthibitisho wa bima, ukurasa wa mauzo unaoonyesha bei iliyolipwa, picha zote, na baadaye risiti ya kurudisha pesa.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Posta ya Marekani, USPS, hupokea madai ya uharibifu wa vifurushi vya ndani ya nchi mpaka siku 60 tangu kutumwa, wala si tangu kufika. Kwa posta ya kimataifa, kanuni za Umoja wa Posta Duniani huruhusu kuulizia ndani ya miezi 6. Mzigo wa ndege wa kimataifa usiopitia posta kwa kawaida uko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999: malalamiko ya uharibifu yawe ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mzigo upokelewe. Simu haitoshi.

Mkataba huohuo una kikomo cha fidia kinachohesabiwa kwa uzito. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Kifurushi cha gramu 200 chenye sarafu ya thamani kubwa kinaangukia SDR 5 na senti zake. Ndiyo maana kitu kidogo cha bei kubwa hakitumwi bila kutamkiwa thamani au kukatiwa bima. Tena soma orodha ya vitu ambavyo bima haigusi kabla ya kulipa: sarafu, stempu, vito na vitu vya kale huondolewa mara kwa mara. Na ukiandika thamani ndogo kwenye fomu ya forodha ili mnunuzi apunguziwe ushuru, umejikatia fidia yako kwa mkono wako, maana karatasi hiyo itatolewa kama ushahidi dhidi yako.

Mwambie mnunuzi ahifadhi kitu na boksi mpaka madai yafungwe. Mkaguzi anaweza kutaka kuviona, na thamani yote ikilipwa, kitu kinaweza kuwa mali ya aliyelipa.

Kiasi cha kurudisha

Usimfanye mnunuzi angojee msafirishaji. Ugomvi huo ni wako. Kwenye eBay anayo siku 30 tangu kitu kifike, au tangu tarehe ya mwisho iliyokadiriwa, kufungua ombi la kitu kisicholingana na maelezo, nawe una siku 3 za kazi kulitatua kabla eBay haijaombwa kuingilia. PayPal humpa siku 180 tangu alipe kufungua mgogoro, na kinga ya muuzaji ya PayPal haihusu kitu kilichofika tofauti na maelezo. Pesa zirudi kupitia njia ileile zilikopitia. Ukimtumia kwa njia ya pembeni, mfumo hauoni kitu, na unaweza kujikuta unalipa mara mbili.

Akitaka kubaki na kitu, hesabu iwe ya wazi: bei aliyolipa, toa bei ambayo kitu cha aina hiyo chenye kasoro hiyo kimeuzwa kweli hivi karibuni. Tazama zilizouzwa, usitazame zinazoombwa. Kama alilipa 100 na zenye kasoro zimeuzwa kwa 55, rudisha 45. Kwa santuri, kipimo cha hali ya santuri cha jarida la Goldmine, kinachotumiwa na soko la mtandaoni la Discogs, huweka VG+ (nzuri sana na zaidi) karibu nusu ya bei ya NM (karibu mpya), kwa hiyo ngazi moja tu inakula nusu. Seti isigawanywe kwa idadi: vikombe sita kimoja kikivunjika, hasara inazidi sehemu moja ya sita, kwa sababu seti haipo tena.

Asipokitaka, rudisha bei na usafiri wote, na kibandiko cha kurudishia ulipe wewe. Kitu cha bei ndogo kisirudishwe. Gharama itazidi thamani. Cha bei kubwa kirudi, lakini baada ya picha kukamilika, na umweleze namna ya kukifunga.

Kufunga

Kaure ifungwe boksi ndani ya boksi, sentimita 5 za kijazio pande zote kati ya mawili hayo. Jaza kwanza uwazi wa ndani wa birika au kikombe, kifuniko kifungwe peke yake, mkono na mdomo vizungushiwe karatasi laini kabla ya plastiki ya mapovu. Punje nyepesi za povu hushuka njiani na kitu kizito huzama mpaka chini. Afadhali karatasi iliyokunjwa na kushindiliwa. Tikisa boksi: likitoa sauti, lifungue.

Santuri itoke kwenye jalada, ibaki kwenye mfuko wake wa ndani, ilale nyuma ya jalada, vyote viwe ndani ya mfuko wa plastiki, kisha kadibodi mbele na nyuma. Kadi iingie kwenye mfuko laini, kisha kipochi kigumu, mdomo uzibwe kwa utepe wa mafundi rangi, si selotepu, ambayo gundi yake hubaki na kumlazimu mnunuzi kuvuta kwa nguvu. Kadibodi mbili za kuibana ziwekwe mawimbi yake yakipishana, moja wima na nyingine mlalo, ndipo hazikunjiki.

Kabla ya kuziba boksi la nje, piga picha ya kitu kikiwa ndani ya vijazio, na nyingine ya boksi lililozibwa likiwa kwenye mizani, uzito ukisomeka. Zipe picha hizo jina la namba ya ufuatiliaji, na usizifute mpaka siku 180 zipite.