Kulipia matangazo mitandaoni: niliyoyaona kwenye biashara ya mapazia

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anayefungua duka la viatu Mbeya atenge sehemu ya mtaji kwa ajili ya matangazo ya kulipia mitandaoni, na wengi hapo juu wamekujibu atenge tu, biashara ni matangazo. Mimi nauza mapazia na mashuka Kariakoo. Nimelipia matangazo hayo kwa miaka, na jibu langu linatofautiana na lao. Nivumilieni, litakuwa refu.

Wengine hapa ni vijana, hawakukuta zama zile. Ulikuwa ukiweka picha ya pazia asubuhi, wafuasi wako wanaiona. Mtu anauliza bei, mnaelewana, jioni bodaboda anapeleka mzigo Tabata au Mbagala. Hukulipa chochote. Ndiyo maana tuliwasihi wateja watufuate, tukachapa jina la ukurasa kwenye mifuko, kwenye risiti na kwenye kibao cha mlangoni. Sisi wafanyabiashara wadogo ndio tuliowapeleka watu kule, kwa jasho letu, tukijua ni wateja wetu.

Baadaye mlango ukaanza kufungwa taratibu. Januari 2018 Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alitangaza kwamba Facebook itatanguliza posti za ndugu na marafiki, na za biashara na vyombo vya habari zitaonekana kidogo. Sababu aliyoitoa ni kwamba watu wanufaike zaidi na mazungumzo ya jamaa zao, na sina ugomvi na hilo. Ila kwa muuza duka maana yake ilikuwa moja: ukitaka kuonekana, lipa. Na mitandao mingine imekwenda njia hiyo hiyo. Leo nalipa ili mtu aliyebonyeza mwenyewe kitufe cha kunifuata aone pazia langu. Hili linaniuma hadi leo.

Sasa hayo malipo. Wengi wanadhani ni kama tangazo la redio, unalipa kiasi fulani, linasomwa mara kadhaa. Hapana, ni mnada. Kila nafasi ya tangazo inapotokea kwenye simu ya mtu, mfumo unashindanisha wote wanaomtaka mtu huyo, na hauangalii pesa peke yake. Unakadiria pia kama mtu huyo atafanya lile ulilolichagua kuwa lengo la tangazo. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Ukichagua kupendwa, yaani kupata "like", utaletewa watu wenye tabia ya kupenda posti, na mapenzi hayo hayalipi kodi ya fremu. Ukichagua kutazamwa, utaletewa watazamaji. Halafu kwenye mnada huo huo wamo benki, kampuni za simu na za kubashiri. Ikikaribia Idd au Desemba, pesa ile ile inakufikishia watu wachache kabisa, na hicho ndicho kipindi watu wanabadilisha mapazia. Juu yake kuna VAT, ambayo tangu Sheria ya Fedha ya 2022 imewekewa utaratibu wa kukusanywa na kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini. Na ukilipa kwa kadi, kuna tofauti ya kubadilisha fedha. Mdogo wako asipoziweka gharama hizo kwenye hesabu, faida ya jozi ya viatu imeisha kabla kiatu hakijatoka dukani.

Na anayehesabu matokeo ni nani? Ni yule yule aliyekuuzia tangazo. Mwaka 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imewapa watangazaji wastani wa muda wa kutazama video uliozidi ukweli. Ilipiga wastani kwa kuwahesabu waliotazama zaidi ya sekunde 3 tu, waliopita haraka wakaachwa nje. Watangazaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi. Hao walikuwa watangazaji wenye mawakili. Sisi wa Kariakoo tukipewa hesabu, tunaipokea kama ilivyo.

Hata hivyo, kilichonitoa imani si gharama. Siku moja aliingia dukani dada mmoja kutoka Dodoma, kachoka na safari, akauliza mzigo wake uko wapi. Nikamwambia sina oda yake. Akatoa simu akanionyesha: pazia langu la rangi ya maziwa lenye maua ya kahawia, limepigwa picha mbele ya ukuta wangu, feni yangu ya ukutani inaonekana, na pembeni mkono wa binti anayenisaidia ukiwa umeshika kitambaa. Jina la ukurasa halikuwa letu. Bei ilikuwa nusu ya yangu. Na juu ya ile picha palikuwa na alama kwamba ni tangazo la kulipiwa. Alikuwa ametuma pesa kwenye namba ya mtu binafsi, kisha akafungiwa asiweze kutuma ujumbe tena.

Tuliripoti ukurasa ule, mimi, yeye, majirani zangu wa fremu na wateja wa siku nyingi. Jibu lililorudi lilisema hauvunji kanuni. Tangazo likaendelea kukimbia kwa picha zangu, na aliyekuwa akilipwa kulisambaza ni mtandao ule ule niliokuwa nikiulipa mimi. Siutaji jina, maana wenzangu sokoni yamewakuta kwenye mitandao tofauti. Kinachonisumbua ni yule dada. Alisimama mbele ya duka akitazama pazia alilolilipia likiwa limening'inia pale pale, na mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa kama mwizi.

Nilidhani ni uzembe wa mtu fulani ofisini kwao. Halafu Novemba 2025 shirika la habari la Reuters likatoa habari iliyotokana na nyaraka za ndani za Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Nyaraka hizo zilikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya mapato ya kampuni ya 2024, yaani dola bilioni 16 hivi, yangetokana na matangazo ya utapeli na bidhaa zilizopigwa marufuku. Mtangazaji alifungiwa tu pale mfumo ulipokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba ni tapeli. Akishukiwa chini ya hapo, anatozwa bei ya juu zaidi. Soma tena hapo, mkuu: anashukiwa, anaongezewa bei, tangazo linaweza kuendelea. Na aliyebonyeza tangazo la kitapeli huwa anaelekea kuletewa mengine ya namna hiyo, kwa kuwa mfumo unadhani ndicho anachokipenda. Kampuni ilijibu kwamba nyaraka hizo zinaonyesha upande mmoja tu, na kwamba makadirio hayo yalijumuisha mambo mengi kupita kiasi. Sawa, tuwape nafasi yao. Lakini mimi nilimwona yule dada kwa macho yangu.

Na msiseme ni habari za Wazungu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kufungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mikopo ya namna hiyo tuliijulia wapi wengi wetu? Kwenye matangazo ya kulipia. Simu ya mama yangu ilikuwa haipiti siku bila kuahidiwa mkopo usio na dhamana, kisha majirani waliokopa wakaanza kudhalilishwa kwa meseji zilizotumwa kwa ndugu na mabosi wao.

Wengi tukahamia WhatsApp tukijua kule ni kwetu. Waanzilishi wake, Jan Koum na Brian Acton, waliandika wazi mwaka 2012 kwa nini hawauzi matangazo. Mwaka 2014 ikanunuliwa na Facebook, na Juni 2025 ikatangazwa kwamba matangazo yanaingia kwenye sehemu ya stetasi, mahali pale pale mama ntilie na muuza vitenge wanapoweka bidhaa zao.

Kwa hiyo mdogo wako afanyeje? Ukurasa afungue, maana mteja wa leo akisikia jina lako anakutafuta kwanza kwenye simu. Ila asiufanye ndio duka. Tangu siku ya kwanza awe na daftari la namba za wateja, kwa ridhaa yao, pamoja na saizi ya mguu wa kila mmoja na wa watoto wake. Awaombe waihifadhi namba ya duka, kwa sababu ujumbe wa orodha wa WhatsApp (broadcast), unaoutuma mara moja kwa watu wengi, haumfikii asiyehifadhi namba yako. Mimi mauzo yangu mengi sasa yanatoka kwenye daftari hilo, na hakuna anayeweza kuamka asubuhi akanipandishia bei ya kulifungua.

Duka aliweke kwenye ramani ya Google, ni bure. Bei aiandike wazi, ile tabia ya "bei inboksi" inawapa matapeli kichaka cha kujificha. Pesa apokee kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, ili mteja wa Tunduma au Kyela aone jina la duka kabla hajaweka namba ya siri. Kwenye video aonekane yeye mwenyewe akizungumza dukani, kwani picha tupu ya kiatu inaibwa kwa dakika moja.

Akitaka kulipia tangazo, alipie kwa jambo lenye mwanzo na mwisho, mfano viatu vya shule Januari. Achague kupigiwa au kutumiwa ujumbe, eneo liwe Mbeya mjini, siku chache, na kiasi ambacho kikipotea kodi ya fremu bado inalipika. Kila anayekuja amuulize katuona wapi, aandike. Mwisho wa wiki alinganishe daftari lake na ile hesabu aliyoletewa kwenye simu, na uamuzi wa kuendelea autoe kwenye daftari.