Core Data (mfumo wa Apple wa kuhifadhi data za app) na nyuzi nyingi (kazi zinazoenda sambamba ndani ya app): maswali yenu

Nasoma rekodi kwenye uzi wa nyuma, kisha naipa skrini orodha ya objekti. App inajifunga, lakini mara mojamoja tu. Kwa nini?

Kila objekti ni mali ya muktadha (context, eneo la kazi ambamo objekti husomwa na kuhaririwa) ulioizaa, na muktadha hufanya kazi kwenye foleni yake tu. Hata kusoma jina si salama kutoka uzi mwingine: thamani ikiwa haijapakiwa bado, kuisoma kunaulazimu muktadha uende kwenye hifadhidata na kubadilisha kumbukumbu zake za ndani. Nyuzi mbili zikikutana hapo hapo, app inajifunga; zikipishana, huoni kitu. Kwa hiyo usivushe objekti. Vusha `objectID`, yaani kitambulisho chake, ambacho ni salama kwenye uzi wowote, kisha ndani ya `viewContext.perform` (`viewContext` ni muktadha wa skrini) ita `existingObject(with:)`. Angalizo: objekti mpya ambayo hujaihifadhi ina kitambulisho cha muda, nacho hakitaipata upande wa pili. Hifadhi kwanza.

Nitalinasaje kosa hili kabla halijamfikia mteja?

Kwenye mipangilio ya Run ndani ya Xcode, ongeza `-com.apple.CoreData.ConcurrencyDebug 1`. App itasimama kwenye mstari wenye kosa, na kwenye orodha ya miito utaona jina lenye `AllThatIsLeftToUsIsHonor`. Ndiyo, wahandisi wa Apple nao wana utani wao.

Nitumie `perform` au `performAndWait`?

`perform`, isipokuwa una sababu. `performAndWait` humfungia aliyeiita mpaka kazi iishe; ukiiita kutoka uzi mkuu kwa kazi ndefu, skrini inaganda. Kuanzia iOS 15 unaweza kuandika `await context.perform`.

Nimehifadhi nyuma, skrini haibadiliki.

Baada ya `loadPersistentStores`, weka `viewContext.automaticallyMergesChangesFromParent = true`; bila hivyo ni `false`. Ila ukifuta kwa `NSBatchDeleteRequest`, hilo halitoshi, kwa kuwa ombi hilo huenda moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kupitia muktadha. Omba `resultTypeObjectIDs`, kisha upitishe vitambulisho hivyo kwa `mergeChanges(fromRemoteContextSave:into:)`.

`save()` inarudisha kosa 133020.

Miktadha miwili imehariri rekodi moja, na sera ya kawaida ni kukataa kuhifadhi. Data ya seva ikiwa ndiyo inayoaminika, upe muktadha wa nyuma unaoiingiza `NSMergeByPropertyObjectTrumpMergePolicy`: kwa kila sifa yenye mgongano, thamani iliyo kwenye muktadha huo ndiyo itakayobaki.