Kutunza na kutuma snapshoti za dashibodi kutoka terminali

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuangalia seva na betri za ofisi kadhaa, na wengi wanaosoma taarifa zangu wako Kolwezi, Likasi na Kinshasa. Kwa uzoefu huo, ningemshauri kila mtumiaji wa Grafana (programu inayoonyesha vipimo vya seva kwa grafu, kwenye kurasa ziitwazo dashibodi) asimtumie mwenzake kiungo cha dashibodi hai akitegemea kwamba ataona alichokiona yeye. Kiungo chenye "now-6h" huonyesha saa sita zilizotangulia wakati kinapofunguliwa, si wakati kilipotumwa. Isitoshe, Prometheus, hifadhi ambamo Grafana huchukua vipimo hivyo, isipobadilishiwa mipangilio hutunza data kwa siku 15 tu, kwa hiyo mkuu wa kazi anayeuliza mwezi unaofuata kwa nini seva ilizimika usiku fulani atakuta grafu tupu.

Wengi hudhani kwamba dawa yake ni kuchukua JSON ya dashibodi (maandishi yanayoielezea) kwa curl, amri ya terminali ya kuomba na kutuma data mtandaoni, kisha kuipeleka kwenye /api/snapshots, anwani ya Grafana ya kutengeneza snapshoti, yaani nakala ya dashibodi iliyogandishwa pamoja na data yake. Huo ni mtego, na ningependa kila anayejifunza kazi hii aujue mapema. JSON hiyo ina maelezo ya paneli (grafu mojamoja za dashibodi) na maswali yanayoulizwa kwa Prometheus, lakini haina kipimo hata kimoja, kwa sababu data huingizwa ndani ya snapshoti na kivinjari pale mtu anapoitengeneza kwa mkono. Ukiipeleka jinsi ilivyo, utapata kiungo kizuri cha paneli zisizo na kitu.

Ndiyo maana kwenye terminali mimi hutunza vitu viwili. Cha kwanza, na kilicho muhimu zaidi kwangu, ni data ghafi, ambayo naiomba kwa curl kutoka /api/v1/query_range ya Prometheus nikitaja start, end na step (mwanzo, mwisho, na muda kati ya kipimo kimoja na kingine), kisha naibana kwa gzip ili isile mega nyingi inapotumwa. Prometheus hukataa ombi linalozidi nukta 11,000 kwa mfululizo mmoja wa vipimo: siku 15 kwa step ya sekunde 60 ni nukta 21,600, na ombi litakataliwa, lakini kwa sekunde 120 litapita.

Cha pili ni picha ya PNG ya paneli, inayopatikana kwa anwani ya /render/d-solo/ iwapo grafana-image-renderer, programu ya kuchora picha hizo, imewekwa. Hapo from na to (mwanzo na mwisho wa kipindi) ziandikwe kwa milisekunde, ilhali Prometheus husoma sekunde. Majira nayo yanataka uangalifu, kwa kuwa Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na nimeshuhudia mabishano marefu kuhusu saa ya kukatika kwa umeme ambayo yangekwisha mara moja kama jina la faili lingetaja majira ya mji gani. Weka -f kwenye curl, la sivyo ujumbe wa hitilafu utahifadhiwa kwa jina la picha na mpokeaji ataambiwa faili imeharibika. Tokeni nayo, yaani ufunguo wa siri unaoruhusu amri kuingia Grafana, isiandikwe moja kwa moja kwenye amri, kwani itabaki katika historia ya terminali. Iwe katika faili yenye ruhusa 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayeweza kuisoma na kuiandika.

Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ikienda kama picha ya kawaida hubanwa na nambari ndogo za pembeni hazisomeki.

Snapshoti ya Grafana bado ina nafasi yake pale mpokeaji anapotaka kuvuta na kukuza grafu mwenyewe. Grafana huondoa maswali yaliyomo, lakini majina ya mifululizo hubaki, na kwa wengi wetu majina hayo hutaja wateja na maeneo yao. Yasome kabla ya kutuma, kwa kuwa yeyote mwenye kiungo na anayeifikia seva anaweza kuifungua. Chagua muda wa kuisha, na ikiwa imetengenezwa kwa API (yaani kwa amri, si kwa mkono kwenye kivinjari), hifadhi deleteKey, ufunguo wa kuifutia, kando ya data ghafi, ili uweze kuifuta siku mteja atakapokuomba.