Hukumu ya kuchezesha mchezaji asiyeruhusiwa

Ndugu wa Kondele, umeuliza kama timu ya taifa ikichezesha mchezaji asiyeruhusiwa inapigwa faini tu. La. Inapokonywa mechi: mpinzani anapewa ushindi wa 3-0, na timu yenye kosa inatozwa faini pia. Machi 2025 Afrika Kusini iliifunga Lesotho 2-0 ikiwa na Teboho Mokoena, aliyestahili kukaa nje kwa kadi mbili za njano. Septemba FIFA ikaipa Lesotho ushindi na kuitoza Afrika Kusini faranga 10,000 za Uswisi.

Lakini kisa kinachoniuma ni cha Chile. Mwaka 2016 ilitoka sare 0-0 na Bolivia, ikalalamika kuwa Nelson Cabrera, mzaliwa wa Paraguay, hakuruhusiwa kuichezea Bolivia. Ikashinda kesi, ikaongeza pointi 2. Peru nayo, iliyokuwa imefungwa na Bolivia hiyo hiyo, ikapata 3! Mwishoni mwa mechi za kufuzu Chile na Peru zikalingana kwa pointi 26, Peru ikapita kwa tofauti ya mabao hadi mchujo, Chile ikakosa Kombe la Dunia la 2018.

Wachezaji wanatoka jasho bure kwa sababu ya mtu wa ofisini. Hata timu zetu za mtaani hapa Kisumu zinahitaji mtu wa kuandika kadi daftarini, kila mechi.